Nilisema Baba Yangu ni Jirani Tu, Ili Nipate Pasipoti

Admin, nakuomba ufiche jina langu na usiweke picha, maana huku kwetu mwanamke anayeshindana kwa pikipiki ni mimi peke yangu, nitajulikana haraka.

Ndugu zangu, mimi ni binti wa miaka 24, natokea Kasulo, Ngara. Sijaolewa. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, nikalelewa na baba, fundi pikipiki. Baba alikimbia vita Burundi akiwa kijana mdogo, akapitia kambi ya Benaco, akabaki huku mpaka leo. Mama naye alikuwa mkimbizi. Karatasi za uraia hakuna aliyewahi kuwa nazo.

Nilijifunzia pikipiki za wateja wake. Akimaliza kutengeneza ananiambia, "Ipeleke mpaka Murusagamba uirudishe, uniambie inalia wapi." Ukiiweza ile barabara wakati wa mvua, motokrosi, zile mbio za kwenye udongo, haikutishi. Nikiwa na miaka 19 alinipeleka Mwanza kwenye mashindano yangu ya kwanza, nikawa wa mwisho. Mwaka uliofuata nikawashinda wanaume. Baadaye nikiwa Arusha, kocha mmoja akaniona, akanipandisha pikipiki ya mbio za lami. Nilianguka jamani! Kwenye udongo ukiingia kona unatoa mguu mbele, kwenye lami unaning'inia mpaka goti linagusa chini. Miezi minane mwili unakataa. Ulipokubali, kocha akanitafutia nafasi kwenye timu huko Afrika Kusini, mbio za lami za kimataifa. Akasema, "Wewe leta pasipoti tu."

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Jirani yetu, nimwite Mzee B., ni Mhangaza, mwenyeji wa hapa hapa Ngara, na karatasi zake zimekamilika. Alimwambia baba, "Mwandikishe kama mwanangu. Huyu si amekulia uani kwangu?" Baba akawa anafuta mikono kwa tambara. Mwisho akaniambia, "Mawe, nenda ukaandikwe." Huwa ananiita Mawe, yaani mama kwa Kirundi, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Siku ya kwenda ofisini kuandikishwa, baba ndiye aliyenipakia mpaka Ngara mjini. Mzee B. alitangulia kwa gari. Tulipoitwa dirishani, baba naye akasogea, ameshika helmeti yangu. Karani akauliza kwa upole tu, "Binti, baba yako ni yupi?" Nikamwonyesha Mzee B. "Na huyu?"

Nikasema, "Huyu ni jirani, amenisindikiza."

Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Ningeweza kusema ni mjomba, ni baba mdogo, chochote. Baba akamwinamia karani, akasema, "Ndiyo, mimi ni jirani." Akatoka. Nilimkuta nje anakaza mnyororo ambao haukuwa umelegea.

Tangu siku ile haniiti Mawe. Ananiita kwa jina la shuleni. Anakula na mimi, anataniana na wateja, hana kisirani. Juzi nilipiga magoti kumwomba msamaha, akasema, "Umenikosea nini? Mimi ndiye niliyekwambia uende." Akaendelea kufungua injini ya watu.

Pasipoti imetoka, safari ni wiki tatu zijazo. Nikirudi kusema ukweli, Mzee B. ataingia matatani kwa wema wake, na baba ataulizwa karatasi alizoishi bila kuwa nazo miaka yote. Nikinyamaza, kila nitakapopanda pikipiki litatangazwa jina la ukoo usio wangu, na aliyenifundisha kushika klachi atasikia.

Sasa timu imenitumia fomu. Kuna sehemu inauliza: ukiumia vibaya mbioni, tumpigie nani, na ni nani wako? Nimeambiwa kila kitu kifanane na pasipoti. Nimejaza kote, ila hapo leo ni siku ya nne pako wazi.

Matusi msiniletee, nimeshajitukana vya kutosha. Wenye watoto, na wenye baba zenu bado hai, nisaidieni: hapo niandike nani?