Jirani Aliyependa Bastola Ndogo

Kabla hamjasikia kwa wengine, nikiri mwenyewe: ni mimi niliyepasua ile pakiti ya juisi kwenye ibada ya kumbukumbu. Niliipuliza ikajaa hewa, nikaiweka sakafuni karibu na meza ya maua, nikaikanyaga kwa kisigino katikati ya hotuba, hatua chache tu kutoka alipoketi mjane. Mhariri wa jarida letu hunipa ukurasa huu niandike mambo ya vijana na mitihani, leo atanivumilia. Jirani yetu wa hapa Al Wukair, huku ughaibuni, amefariki. Moyo ulisimama akiwa kazini, mbele ya kompyuta zake. Alikuwa mnene, mchoshi wa mazungumzo, na ndiye mtu mzima pekee katika jengo letu aliyecheka utani wangu bila kuniuliza kwanza alama zangu za hesabu. Mama aliponipa habari ile nilimuuliza nani sasa atarithi nafasi yake ya kuegesha gari.

Ijumaa zake jirani alizimalizia kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Alipoanza alikuwa mshamba kama wenzake: alikodi bastola kubwa kubwa, zile za kukurusha bega, akarudi na video za moto ukitoka mdomoni mwa mtutu, na hakuna video hata moja iliyoonyesha risasi ilipotua. Kisha siku moja kubwa zote zilikuwa zimechukuliwa, akapewa rivolva ndogo, ya risasi nyembamba kuliko penseli. Akaikunjia uso. Ijumaa iliyofuata akaiomba tena, ati kwa sababu ni rahisi. Haikuchukua muda akawa anaingia pale na kuulizia kwanza ile yenye kitako cha mbao kilichochakaa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Akazijaribu na dada za rivolva ile, zote ndogo, zote za silinda, lile gurudumu la kushika risasi, na akija kwetu anatueleza zinavyozunguka huku chapati zinapoa. Nikamwambia, "Anko, hiyo si bunduki. Hicho ni kibiriti." Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kibiriti, ndiyo. Lakini na zile kubwa nilikuwa nafumba macho, kijana. Kila nikivuta, nafumba. Hii naona inakokwenda."

Sasa kuna mzee mmoja ambaye safari hii alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kusafirisha mwili. Husema aliwahi kuwa askari nyumbani. Anasema yeye, mimi bado namtafuta mhalifu hata mmoja aliyekamatwa naye. Siku jirani aliponipeleka nikatazame kutoka nyuma ya kioo, mzee huyu alikuja naye, na njia nzima ilikuwa kejeli: "Mwanaume mzima, bwana, na kidude cha kutishia panya!" Tulipofika, msimamizi wa uwanja akiwa amesimama pale pale, jirani alimjazia mzee ile rivolva kwa ujanja aliokuwa amenieleza zamani: katika silinda unachanganya risasi nzima na maganda yaliyokwisha kutumika, mlengaji asijue lipi linafuata. Mzee akatanua miguu kama sanamu ya shujaa. Akavuta: pa! Akavuta tena: tik. Hakuna risasi, hakuna mlio, lakini mtutu uliinama chini kama kuku anayedonoa, na macho ya shujaa yalikuwa yamefumbwa kabisa. Akatoka amevimba. "Bunduki yenu mbovu!" Jirani akamjibu kwa upole, "Si mbovu, mzee. Ilikuwa tupu. Hata mimi ilinifichua hivyo hivyo." Upole ule mzee hakuusamehe kamwe.

Nimewaza sana juu ya ile tik. Risasi ikilia, kila mtu ni hodari. Mlio unaficha kila kitu. Na sisi wa huku tunapenda mlio kupita kiasi. Tunakodi gari kubwa kwa saa moja tupige picha ya kutuma nyumbani. Mlinzi wa lango anajiita mkuu wa usalama, na mimi mwenyewe nimewaandikia binamu zangu kwamba shule yetu ina farasi. Walimu hutufundisha kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Hawatufundishi kwamba debe hilo ndilo hupewa uenyekiti na kipaza sauti. Katikati ya makelele hayo, mtu mmoja mnene alikuwa kila wiki anaomba kitu kidogo zaidi, hana aibu, na sisi tulimwona kituko.

Ibada ilifanyika katika ukumbi wa kukodi kule Al Sadd. Mjane alikuwa na ombi moja tu. Alileta karatasi ya mwisho ya shabaha ya mumewe, matundu madogo yamekusanyika kama mbegu za papai, akaiweka kando ya picha. Mwenyekiti akaisukuma chini ya chombo cha maua. "Shemeji, wageni watasema mwenzetu alikuwa anachezea vitu vya watoto."

"Ndicho alichokipenda, mzee. Kitaje tu. Mara moja."

"Niachie mimi."

Akaachiwa. "Mwenzetu alikuwa simba!" akanguruma. "Bunduki kubwa, mkono hautetemeki! Nani alimfundisha kutoogopa mlio? Mimi hapa!" Mjane akainamisha uso. Nilikuwa nimemaliza juisi yangu ya embe. Mengine mnayajua: pa! Na simba wetu akaruka nyuma ya kiti cha mjane, akakishikilia kwa mikono miwili, kipaza sauti kikibiringika sakafuni. Watu waliangua kicheko, nami nikajiona bingwa, mpaka nilipomwona mjane. Naye alikuwa ameshtuka. Chai yote ya kikombe chake ilikuwa kwenye gauni lake jeusi, na mkono ulikuwa bado kifuani. Hilo sikulipigia hesabu.

Alisimama polepole, akaichomoa karatasi chini ya maua, akaokota kipaza sauti. "Mume wangu aliogopa mlio," akasema. "Aliniambia mwenyewe. Akachukua bastola ndogo, akajifunza kufungua macho. Basi." Akaketi, karatasi mapajani.

Mama alinivuta hadi mlangoni. Nikamweleza habari za tik, na za mtutu, na za unafiki wa wazee. Nilihutubu kuliko mwenyekiti, tena nikatia na vichekesho viwili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hivi, sijaongeza neno:

"Yule anaogopa kelele. Wewe unaogopa kimya. Tangu afe rafiki yako hujafunga mdomo hata kidogo ukamlilia. Rudi ndani, uokote hiyo pakiti."