Miguu ya Kizaramo

Mimi ndiye niliyemkata mguu dereva Kondo. Msumeno aliushika daktari wa Nzega, lakini kazi ile ni yangu. Nikiikumbuka, mate hunijaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika.

Kondo alikuwa Mzaramo aliyeletwa kuendesha Landrova ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Ziba. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa kujifunza mwenyewe. Nilisoma kitabu cha magari ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni. Wazaramo na sisi ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo mabegani. Basi tangu siku ya kwanza tulitukanana kwa raha, na watu wakawa wanakuja kusikiliza.

Siku moja pedeli ya breki ikawa ngumu. Niliikagua kwa utaratibu. Injini ikiwa imezimwa, nilikanyaga mara kadhaa, nikaacha mguu juu yake, kisha nikawasha. Breki ikiwa nzima, hapo pedeli huzama kidogo, kwa sababu injini hunyonya hewa kutoka kwenye kopo kubwa la bati lililo mbele ya pedeli, na mvuto huo humsaidia dereva kukanyaga. Hii haikuzama. Nikaufuata mpira unaounganisha injini na kopo, nikakuta umepasuka. Mpaka hapo sikukosea kitu.

Nilikosea kwenye dawa. Mpira wa aina ile haukuwepo Nzega wala Tabora. Nikachukua wa pampu ya kunyunyizia dawa ya pamba, nikaukata, nikaufunga. Ulikuwa laini. Kitabu kilisema wazi kwamba lazima uwe mgumu, maana unanyonywa kutoka ndani. Nilijua! Lakini nilikuwa nimeshamwahidi mwenyekiti kwamba pamba itaondoka wiki ile. Nikapima asubuhi, injini ikiwa baridi, pedeli ikazama vizuri. Nikajisifu.

Kondo aliporudi kutoka safari ya kwanza alinitafuta.

"Fundi, asubuhi breki ni laini. Injini ikipata moto inakuwa ngumu, kama nakanyaga kisiki."

Mtu amenitajia ugonjwa wote, na wakati unapoanza! Lakini watu walikuwa wameshasogea, wanangoja kucheka.

"Miguu ya Kizaramo hiyo," nikasema, "imezoea mchanga. Kula ugali wa mtama, mtani, upate nguvu."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kondo naye akacheka. "Na wewe mpagazi! Babu yako alibeba pembe za watu mpaka baharini, akarudi na upara tu!"

Kisha akanivuta kando. "Mtani, sasa sitanii. Itazame."

"Hata huo ni utani wako!" nikamjibu kwa sauti, ili wengine wasikie.

Wiki hiyohiyo, kwenye mteremko wa kuelekea Nzega, ng'ombe walivuka barabara na mchungaji wao nyuma. Kondo alikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari halikusimama. Akalipeleka korongoni ili asiue mtu, na mguu wake wa kulia ukabanwa pale penye pedeli.

Nilifika kabla ya kamati ya kijiji. Nikafunua boneti. Ule mpira ulikuwa umelala bapa, kuta zake zimegandana kwa joto, kama utumbo wa mbuzi uliokamuliwa. Uchafu mtupu, na ni kazi ya mikono yangu! Nikaung'oa, nikaenda kuutupa chooni. Kamati walipouliza mpira wa pale uko wapi, nikasema umechomoka kwenye ajali. Gari lilikuwa zima, nikasema. Dereva alikuwa akienda kasi.

Mkutanoni ikasomwa kauli ya Kondo kutoka hospitali, kwamba breki ilikuwa ngumu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Miguu ya Kizaramo hiyo!" Wakacheka. Wallahi walicheka! Nami nikatabasamu. Katika yote niliyoyafanya, tabasamu lile ndilo linalonichefua zaidi. Kondo akaandikwa mzembe, akaachishwa kazi.

Nilikwenda kumwona wodini. Shuka lilikuwa limelala tambarare pale ulipopaswa kuwa mguu. Nikaanza kwa mazoea, "Mtani..."

"Shikamoo, fundi," akasema.

Sisi ni rika moja. Alikuwa hajawahi kuniamkia hivyo tangu tujuane.

"Ulifunga mpira gani?" akauliza.

Nikamuuliza kama anapata chakula cha kutosha.

"Basi nenda. Ukija tena, uje kama fundi. Usije kama mtani."

Sikwenda tena, si kama fundi wala kama mtani. Ndugu zake walikuja wakamrudisha pwani.

Wewe unayeshika spana, pima breki injini ikiwa imepata moto, wala usifunge mpira laini mahali panaponyonya hewa. Dereva akilalamika, funua boneti kwanza, mengine baadaye. Na mtani wako akikuvuta kando, funga mdomo umsikilize!

Kijijini bado wananiheshimu. Bado wananiletea magari. Na hata hapa, baada ya kusema yote haya, sikuandika jina langu. Huo nao ni uchafu, na ninaujua.