Paja la Wanaume

Ukweni kwangu hapa Ifakara, nguruwe alichinjwa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, na paja lake la nyuma lilikuwa la wanaume. Lilichomwa zima, likapelekwa uani walikoketi. Sisi wanawake, tuliomlisha pumba mwaka mzima, tuligawana kichwa, miguu na mchuzi. Nilikula hivyo miaka sita. Mwaka wa saba nikachoka.

Kabla ya kuolewa nilikuwa mpishi kwenye hosteli ya masista. Huko mgeni mmoja kutoka Marekani alinifundisha chakula cha Waamishi, wakulima wa kwao ambao mpaka leo wanasafiri kwa magari ya farasi. Ni rahisi: nyama ya paja iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi inakatwa vipande vidogo, inachanganywa na viazi, vitunguu na maziwa mazito, kisha vyote vinaokwa pamoja. Nilikipenda kwa sababu moja. Kikishaiva, hakuna anayeweza kuchagua nyama yake.

Jumatano Kuu baba mkwe alinikabidhi paja kama kawaida. Nikalipaka chumvi, nikaliweka juu ya uchanja tunaokaushia samaki. Jumapili asubuhi, wenzetu wakiwa kanisani, nikachukua kisu. Wifi yangu, tuliyebaki naye jikoni, akanishika mkono.

"Wifi, unataka kurudishwa kwenu Idete?"

"Nauli ninayo," nikamwambia. "Wewe menya viazi."

Nilikaanga unga kidogo wa ngano kwenye siagi, nikamimina maziwa taratibu huku nakoroga mpaka yakawa mazito. Nikapanga viazi vilivyoiva nusu, nyama na vitunguu, nikamwagia maziwa, nikarudia hivyo hadi sufuria kubwa ikajaa. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko.

Wanaume walipokaa, nilipakua sahani zote sawa, za uani na za jikoni. Baba mkubwa, kaka yake baba mkwe aliyekuja kutoka Mahenge, akageuzageuza chakula kwa kijiko.

"Paja liko wapi?"

"Limo humo, baba. Na jikoni limo pia."

"Nani amekuruhusu?"

Sikupiga magoti.

"Hakuna. Nguruwe huyo nimemlisha mimi."

Akaisukuma sahani. Baba mkwe akaanza kula. Mume wangu alikuwa ameshainamia yake.

Jikoni nilimkuta mama mkwe kwenye mkeka, anakwangua ukoko pembeni mwa sufuria.

"Mama, baba mkubwa amekataa kula."

"Ilete sahani yake hapa," akasema, hata kichwa hakuinua. Alipoimaliza, akafuta mdomo kwa khanga. "Nimezaa watoto saba katika nyumba hii. Leo ndiyo najua ladha ya paja."

Krismasi iliyofuata baba mkwe alinipa paja. Nikalikatakata tena.

Baba mkubwa alituma ujumbe: mpaka nimpelekee kuku wa kuomba radhi, hakanyagi tena kwetu. Pasaka mbili zimepita. Kuku ninao kumi na wawili, wanene, na hakuna hata mmoja aliyepanda basi la Mahenge.