Siku Niliyohesabu Ng'ombe wa Cucu Nyambura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nitaisahau nikishasahau jina langu. Ilikuwa asubuhi huko Tetu, miaka michache baada ya uhuru, nami nimesimama nje ya ua wa mjane mmoja nikihesabu ng'ombe wake.

Jana uliponiambia kwamba chuo kikuu kimekuajiri kwenye ofisi ya kutafuta wafadhili, na kwamba umepewa orodha ya matajiri na mali yao yote, nywele zilinisimama. Keti nikueleze.

Enzi hizo kila mahali kulikuwa na harambee. Sisi tulitaka chuo cha juu cha ufundi pale Gatitu. Mimi nilikuwa karani wa kamati, msichana wa miaka ishirini na miwili, najua kupiga taipu na najiona nimefika. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Salimu, muuza vitambaa wa mjini Nyeri, mtu wa maneno machache. Kiwanja tulichokuwa nacho kilitosha madarasa na bweni la wavulana tu. Kamati ikasema kwamba wasichana wakikosa mahali pa kulala, chuo kitafunguliwa bila wao. Nami nilitaka kusoma pale, haki ya Mungu nilitaka.

Shamba lililopakana na kiwanja chetu lilikuwa la Cucu Nyambura, yaani Bibi Nyambura, yule mjane wa Tetu. Nikataka kujua kwanza kama ana mali ya kutosha hata aweze kutoa shamba bure. Nikaenda na daftari. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni. Nikahesabu ng'ombe, sita, nikaandika. Cucu alipotoka nikamsalimu, na kabla salamu haijapoa nikamwuliza ana watoto wangapi.

Usidhani sikujua mila. Kwetu mtu hahesabiwi wala mnyama. Ulichokihesabu umekifunga, hakiongezeki tena. Hata mabinti wa mama wa kwanza wa kabila letu walikuwa kumi, lakini wazee husema tu "tisa waliotimia", ili wasiitaje hesabu kamili. Nilijua. Ila shule ilikuwa imeniambia huo ni ushirikina, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri sana.

Cucu hakukasirika. Alilitazama daftari, akauliza kwa sauti ya chini, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akarudi ndani, akafunga mlango. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni wa kuleta ugonjwa.

Siku ya nne ng'ombe wake mmoja akafa. Hakuugua, alikutwa asubuhi amelala, majani bado yako mdomoni. Nilijiambia kwamba ng'ombe hufa, hilo si jambo. Jumamosi nikaenda kutoa pole. Nikafika palepale penye ua, ukungu ni uleule, na macho yakahesabu yenyewe kabla sijayakataza. Sita. Nikarudia. Sita. Watano walikuwa wakitafuna. Wa sita alinipa mgongo, hatafuni, hatikisi mkia, na majani aliyoyakanyaga yalikuwa na umande mzima, hayakulala. Nilitoka mbio nikaacha kiatu kimoja kwenye tope. Cheka tu, lakini ungekuwa wewe siku hiyo, ningekuona!

Mzee Salimu alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja vitambaa vyake. Hakuuliza kama ni kweli. "Mtaka cha mvunguni huinama," akaniambia. "Wewe umesimama wima, unahesabu vya watu. Rudi, na kalamu uiache hapa."

Nikarudi. Cucu alinipa kiatu changu, kimeoshwa, kisha akanionyesha ndoo. Nikaenda kuchota maji.

Tangu hapo nilikwenda kila Jumamosi, tangu mvua za masika hadi za vuli. Niliwajua ng'ombe kwa majina yao. Nikawajua na watoto, mmoja mmoja, kwa namna Cucu alivyowasimulia. Wengi wao aliwazika miaka ya hali ya hatari, wakati wa kupigania uhuru. Kitinda mimba, aliyezikwa naye, alikuwa Wangui, msichana aliyependa vitabu, na lile shamba la Gatitu alikuwa ametengewa yeye. Kila tulipokunywa chai, Cucu alimimina kikombe cha Wangui, akakiweka mbele ya kigoda kitupu. Mimi nilikaa mbali kidogo na kigoda hicho. Chai ile ilikuwa ikipungua, mwanangu. Sikuona ikinywewa, niliona tu imepungua.

Mwaka ulipokaribia kwisha kamati ikachoka. Wakaamua chuo kifunguliwe kwa wavulana. Nikaenda Tetu, si kuomba, nilikwenda kulia. Cucu aliniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Mbona hujawahi kuniomba?" akauliza.

Nikamwambia ni aibu. Baada ya lile daftari ningeanzia wapi?

"Nimekungoja tangu masika. Ati unanichotea maji mwaka mzima, halafu unaniogopa? Omba."

Nikapiga magoti, nikaomba shamba la Gatitu kwa ajili ya bweni la wasichana. Alikigeukia kigoda. "Umesikia?" akasema.

Tukangoja. Nje hata ng'ombe walinyamaza. Sikuthubutu kutazama upande ule. Baada ya muda mrefu Cucu akainuka, akachukua kile kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Amekubali," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayelala pale kwanza."

Nililala pale miaka miwili. Kitanda cha pili chumbani mwangu hakikupewa mtu, na asubuhi nyingi nilikuta blanketi lake limekunjuliwa. Sikuogopa. Nilikuwa nalikunja, naenda darasani.

Basi, mwanangu, hiyo orodha yako ifunike kwanza. Nenda ukamjue mtu kabla hujaijua mali yake. Jua anamlilia nani, maana zawadi kubwa mara nyingi hutoka hapo, haitoki mfukoni. Ukishamjua, usirudie kosa langu la pili, ambalo naliona baya kuliko la kwanza: nilinyamaza. Mwenye cha kutoa hungoja aombwe na anayemjua, na wengine hufa wakingoja. Hao ndio wanaoniuma roho. Na ukipewa, rudi tena kunywa chai. Mimi nilikwenda Tetu kila Jumamosi mpaka tulipomzika Cucu, wala hakuna aliyenituma.

Lete viganja vyako nikutemee mate ya baraka, kama alivyonitemea yeye. Milango ikufungukie, na ndani ukae sana. Aliye hai akupe kwa moyo wake, na aliyetangulia asikunyime. Thaai, amani iwe nawe.