Kitambaa kwenye mpira wa turbo

Nikisikia harufu ya mafuta ya moteri, hata nikiwa sokoni nachagua mihogo, kidole changu hiki kinawasha. Shule sikusoma sana, lakini turbo naijua: kile kikonokono cha chuma kinachosukuma upepo ndani ya moteri, gari ipande mlima.

Moteri ya namna hiyo, hata iliyotolewa kwenye gari iliyokufa, ndiyo Papa alitaka, ili gari yetu ifike ndani kabisa ya pori la Walikale kumtafuta kaka yangu, shofere wa kamio, lori la mizigo, aliyepotea wakati wa vita.

Pale sokoni Mubi, kwa muuzaji wa moteri kuukuu, Papa akaniambia mimi binti yake, "Mama, ingiza kidole, zungusha." Nilikuwa mtoto bado, kidole changu kilikuwa chembamba. Turbo ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikazunguka laini kabisa.

Mpira wake wa kupitisha upepo ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha maua mekundu. Kaka alikichana kwenye gauni yangu, afunge mpira wa kamio uliopasuka, asubuhi ile alipoondoka, mimi nikimlilia gauni.

"Na shofere?" Papa akauliza.

"Shofere gani tena, Papa?" muuzaji akacheka. "Tulikuta kamio yenyewe tu mu pori."

Papa akakifungua kitambaa polepole, akanishika mkono, tukaondoka.

"Papa! Unaacha moteri? Iko nzuri ile, haiyachoka!" muuzaji akaita nyuma yetu.