Kombe la Kutembea

Eligio Marmolejos alikuwa fundi wa kuziba pancha kwenye njia panda ya kuingilia Palmarejo, na Jumapili alicheza besiboli kama wanaume wengine wote wa mji ule ambao magoti yao yalikuwa bado yanakunjika. Hakuwa mchezaji mzuri. Lakini rungu alilipunga kwa nguvu hata kofia ikamruka kichwani, na kwetu hilo lilitosha.

Nimezaliwa Palmarejo, kwa hiyo nasema bila kumsingizia mtu: timu yetu, Majogoo, haikujua subira. Sheria ya besiboli ni kwamba mrushaji akikurushia mipira minne mibovu, isiyopita juu ya kibao kilicho mbele yako, nawe ukaiacha yote, unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Sheria hiyo tuliijua kama tunavyoijua theluji. Tulisikia tu kwamba iko mahali fulani. Mpira ukija usawa wa kofia tuliupigia rungu, ukija usawa wa viatu tuliupigia rungu. Crispín, mlinzi wa kituo cha pili, aliwahi kuupigia mpira uliokwisha kudunda chini mara mbili, akaukosa, kisha akamlaumu mrushaji kwamba hana heshima. Michezo yetu iliisha upesi mno. Wauza nyama ya nguruwe ya kukaanga walinung'unika kwamba watu wanaondoka mafuta hayajachemka.

Kocha wetu, Don Tancredo Peguero, mwenye duka la vyakula karibu na kanisa, ndiye aliyetulea hivyo. "Mwanaume hapewi kituo," alikuwa akisema. "Anakichukua. Anayetaka vya bure akapange foleni ya misaada."

Mwezi wa nne tulicheza na Guayabal, majirani na mahasimu wetu. Mrushaji wao alirusha mpira uliopotea njia, hata mdakaji wake mwenyewe hakuufikia. Eligio akaufuata kwa mwili mzima, akazunguka kama pia, akaangukia rungu lake. Mbavu mbili zikapata ufa. Uwanja ukasimama kumpigia makofi, na ngoma zilimsindikiza mpaka kwa daktari.

Daktari alimfunga bandeji kifua kizima, akamwambia asipunge kitu chochote mpaka mbavu zishikane. Mkewe, Nereida, mshonaji wa sare za shule, alilipokea agizo hilo kama amri ya jeshi. Hata feni ya mkono alimnyang'anya.

Jumapili iliyofuata wachezaji wetu wawili walikwenda kwenye harusi ya binamu yao. Tulibaki wanane, na mchezo unataka tisa. Don Tancredo akaja gerejini kwa Eligio.

"Eligio, mbavu zinasemaje?"

"Zinasema nikae, Don Tancredo."

"Ziambie zisimame. Nataka mtu wa tisa, la sivyo tunapokonywa mchezo. Siombi upige. Shika rungu, simama pale kama nguzo ya umeme, wakikurushia mitatu mizuri wakakutoa, rudi ukae."

Nereida akachungulia kwenye dirisha la nyumba yao, iliyopakana na gereji, pini mdomoni. "Akirudi amevunjika tena, utakuja kumwogesha wewe."

"Hatafukuza hata nzi, mama. Nakuapia."

Basi Eligio akaenda, akasimama, rungu begani. Mpira wa kwanza ukapita juu ya kichwa chake. Wa pili ukapiga vumbi. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo ligi nzima haikuwahi kuligundua: kwa kuwa katika nchi yetu hakuna mtu aliyengoja mpira mzuri, hakuna mrushaji aliyepata sababu ya kujifunza kuurusha. Wa tatu ulikwenda kulia, wa nne ulikwenda alikotaka Mungu.

"Nenda," refa akamwambia.

"Niende wapi? Nimekwisha kutolewa?"

"Kituo cha kwanza. Umepewa."

"Lakini sijafanya kitu."

"Ndiyo maana. Nenda, bwana, jua kali."

Eligio akatembea, huku akigeuka nyuma kama mtu anayetoka dukani akihofia ataitwa mwizi. Siku hiyo alipewa kituo kila zamu yake ilipofika, na wenzake, katika kupiga ovyo, walibahatika mara mbili tatu wakamzungusha vituo vyote hadi nyumbani, yaani pale kwenye kibao alipoanzia, na kila akifika ni pointi. Tukashinda.

Tukashinda pia Jumapili iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Mtu angedhani mji ungefurahi. Eligio alipoingia uwanjani, wapiga ngoma waliweka ngoma chini wakaenda kununua bia. Wakambatiza jina la Mtalii, kwa sababu anakuja, anatazama, anatembeatembea, anaondoka. Wateja gerejini wakawa wanamuuliza kama na tairi ataliangalia tu mpaka lijae upepo lenyewe.

Nereida ndiye aliyepata tabu zaidi. Sokoni, muuza ndizi mmoja alimwuliza mbele za watu, "Dada, na nyumbani nako ni hivyo hivyo? Anasimama tu, anangoja apewe?"

"Nyumbani hajawahi kulalamika mtu," Nereida akajibu. Lakini jioni ile aliweka sahani ya wali na maharage mezani kwa kishindo.

"Mbavu zimepona lini?" akauliza.

"Zamani kidogo."

"Na bado unasimama?"

"Don Tancredo anasema tunashinda."

"Nimemsikia. Anasema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa."

Ilikuwa kweli. Don Tancredo alizipenda pointi, ila njia ya kuzipata ilimtia aibu. Jumanne moja aliwaagiza wachezaji wote wajaribu, mazoezini, kungoja mpira mzuri. Crispín aliacha mpira mmoja upite, akaweka rungu chini, akasema anasikia kizunguzungu. Wengine walimwonea huruma, mazoezi yakaishia hapo.

Tukafika fainali, na wa kucheza nao ni Guayabal. Hadi zamu ya mwisho tulikuwa sare, vituo vyote vitatu vina watu wetu, na mtu wetu mmoja tu akitolewa zamu yetu imekwisha. Anayepiga ni Eligio. Watu elfu wakapumua kwa pamoja, pumzi ya mtu anayeona foleni haisogei.

"Piga, Mtalii," mtu akasema jukwaani, karibu kwa kubembeleza. "Mara moja tu, ndugu yangu. Hata ukikosa."

Eligio hakupiga. Mrushaji wa Guayabal, jasho likimtiririka, alirusha mipira minne ambayo mbuzi angeikwepa bila kuacha kula. Refa akanyoosha mkono. Eligio akatembea hadi kituo cha kwanza, kila mwenzake akasukumwa kituo kimoja mbele, na yule wa kituo cha tatu akatembea hadi nyumbani, akakanyaga kibao kwa ncha ya kiatu. Tulikuwa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu timu iundwe.

Hakuna aliyepiga kelele. Jamaa mmoja aliwasha fataki, akatazamwa, akaizima kwa kiatu. Don Tancredo alipokea kombe kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, na watu wakapita wakimpa mkono mmoja mmoja, kama tunavyofanya kwa mfiwa. Watu wa Guayabal, walioshindwa, waliimba njia nzima kurudi kwao.

Mwaka uliofuata, mchezo wa kwanza, mambo yakajipanga vilevile: tumezidiwa kwa pointi moja, vituo vimejaa, zamu ya mwisho, Eligio kwenye kibao. Mipira mitatu mibovu ikapita. Mmoja tu zaidi na tungekuwa sare. Wa nne ulipotoka mkononi mwa mrushaji, hata mimi niliyekuwa nyuma ya uzio niliona kwamba unakwenda juu, mbali, kwa majirani.

Eligio akaupigia. Aliruka kuufikia, kofia ikaenda huku, rungu likaenda kule. Akaukosa kwa mkono mzima. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaonja, akaipigia miwili iliyofuata, mibovu zaidi ya ule, akaikosa yote, na kwa kukosa mara tatu akatolewa. Tukashindwa.

Sijapata kusikia uwanja wetu ukivuma vile. Ngoma zilipigwa mpaka moja ikapasuka. Crispín alimbeba Eligio mabegani akamzungusha vituo vyote, na Don Tancredo alitoa bia za dukani kwake, jambo ambalo hakulifanya siku ya kombe. Msimu ule tulimaliza wa mwisho, na kila Jumapili uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya malori.

Nilipita gerejini kwake wiki ile ya mchezo wa kwanza, nikamwuliza kama hakuona kwamba mpira ule ni mbovu.

"Niliuona ukiwa bado mkononi mwake," akasema.

"Sasa kwa nini, bwana?"

Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni la maji, akizungusha mpira wa ndani wa tairi atafute panapotoa povu. Hakuinua macho.

"Nereida alikuwa ameketi pale mbele," akasema. "Alikuwa amevaa gauni jipya."

Akaipata pancha, akaiwekea kidole, akaniomba nimpe gundi.