Goti Langu na Goti la Sauda

Alhamdulillahi, kina mama wa Mafubira. Niacheni nizungumze nikiwa nimeketi, maana nikisimama sana naanza kukasirika, na nikikasirika naharibu maneno.

Mimi ni Zaituni, muuza vitenge sokoni Jinja. Wengi mnanijua kwa mdomo. Zamani nilibeba robota la vitenge kichwani kutoka stendi hadi kibandani, nikishindana na vijana. Nilipopiga magoti kuwasalimia wakwe, niliinuka bila kushika ukuta.

Goti la kushoto lilianza kwa kutoa mlio nikipanda ngazi. Baadaye likavimba. Asubuhi lilikuwa gumu, natambaa hadi mlangoni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Siku moja sikuwahi, nikajikojolea kizingitini. Nasema wazi, wagonjwa tusifichane. Nikawa nasali kwenye kiti, na hilo liliniuma kuliko lote.

Daktari alinipiga picha, akasema, "Mama, ule mto laini kati ya mifupa umelika. Punguza uzito, fanya mazoezi." Nikachukia. Nimefuata dawa, yeye ananipa kazi.

Ndipo nikasikia habari za kliniki moja, sitaitaja, inayodunga seli shina. Walinieleza kwamba ni mbegu za mwili wako mwenyewe: wanavuta mafuta tumboni, wanayazungusha kwenye mashine, wanayadunga gotini, na ule mto unaota upya. Tumbo langu mnaliona. Nikasema, mali ipo, vuteni.

Siku ya kumi na mbili baada ya sindano maumivu yalikuwa hayapo kabisa. Nilirudi kukaguliwa huku nacheka peke yangu njiani. Musawo, yule daktari aliyenidunga, akauliza, "Hajati, unaweza kusujudu?" Msichana wa mapokezi akatandika kanga sakafuni, akainua simu kunirekodi. Nikasujudu. Paji la uso likagusa chini, nikalia. Udhu sikuwa nao, kibla sikuuliza. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini sijda ile niliifanya kwa ajili ya simu. Video ikaenda kila mahali.

Mdogo wangu Sauda anaishi Nkoma, kule Mbale. Magoti yake yalikuwa mabaya kama yangu. Akaiona, akanipigia. "Dada, ni kweli?"

"Wewe unangoja nini?" nikamjibu. "Njoo upesi."

Akaja. Nilimpeleka mwenyewe, nikamshika mkono akidungwa.

Siku ya nne baada ya kurudi kwake, shemeji akapiga simu. "Dada, Sauda anatetemeka. Goti ni la moto kama chungu." Nilifika Mbale jioni, tayari wamemlaza hospitali. Ngozi ya goti iling'aa kwa kuvimba, hakutaka hata shuka limguse. Daktari wa pale alivuta kwa sindano, ukatoka usaha mzito. "Wadudu wameingia ndani ya kiungo," akasema. "Tunaosha leo. Ikishindikana, tutaokoa maisha, si mguu."

Waliosha mara tatu. Mimi nilikaa chini wodini nikimkanda paji la uso kwa kitambaa, naogopa kwamba safari ijayo atarudi kutoka chumba cha upasuaji na mguu mmoja. Ni mimi niliyemwambia upesi.

Nikamwuliza daktari, mbona mimi nilipona? Akanitazama. "Hujapona, mama. Tiba hii bado inachunguzwa, hakuna aliyethibitisha kwamba ule mto unaota tena. Pengine walikuchanganyia dawa ya maumivu. Wewe ngoja." Nikangoja. Mwezi wa tatu haujaisha, goti likarudi vilevile.

Mguu wa Sauda uliokoka, namshukuru Mungu na wale waliouosha, lakini goti likakauka. Nilimwomba radhi. Akasema, "Kliniki sikuijua, dada. Nilikujua wewe."

Mimi nimepata nafuu, na si kwa sindano. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alinionea huruma, akanifundisha kuinua mguu na mfuko wa mchanga kifundoni, asubuhi na jioni. Chapati nimeziaga, tunaonana Idi. Nimepungua. Natembea na bakora hadi sokoni. Bado nasali kwenye kiti, na huenda nikasali hivyo mpaka kufa. Nimekubali. Siku nyingine sikubali.

Sasa nisikilizeni. Sisemi msitibiwe. Mtu akikupa ushuhuda, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, mwulize alidungwa lini. Na goti likivimba na homa ikaja baada ya sindano, usilikande kwa maji moto, usingoje kesho. Kimbilia hospitali.

Video yangu bado inazunguka. Nimewaomba waifute, wanasema ni mali yao. Wiki iliyopita mama mmoja wa Bugembe alinipigia, amefurahi, ameniona nikisujudu, atadungwa kesho yake. Nikamsihi aje kwanza anione. Hakuja.

Ndiyo maana leo sikuja peke yangu. Huyu aliyenyoosha mguu kwenye benchi ni Sauda. Msidhani amekosa adabu. Mguu wenyewe haukunjiki. Mimi nimeshasema sana maishani mwangu. Mwulizeni yeye.